Wasomaji Wanauliza: Mzee Joh, mkulima wa karanga aliyeshika Queensland miaka 19

Kosa ni langu mwenyewe. Toleo lililopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu mwanasiasa wa Australia anaitwa Joh Bjelke-Petersen, nikasema chama chake kilikuwa kinapata kura chache kuliko wapinzani na bado anatawala jimbo zima miaka 19, alafu nikapita zangu kama vile sijasema kitu. Mmenishika shati. Haya, leo safu yote ni yake.

Angalizo moja kabla hatujaenda mbali: nikisema "jimbo" leo namaanisha Queensland yenyewe, ambayo ukubwa wake ni karibu mara mbili ya Tanzania, sio jimbo la mbunge kama tulivyozoea. La mbunge nitaliita eneo la ubunge ili tusichanganyane.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mi niko Kongwa. Huku ukitaja mzungu na karanga kwenye sentensi moja watu wanashtuka, babu zetu walishayaona hayo. Sasa huyo mzungu wako wa karanga alitokea wapi, na siasa aliingiaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka peke yangu, maana hujui umegusa nini. Shirika lile lile la Waingereza lililokuja kung'oa visiki Kongwa miaka ya 40 mwishoni kwa ule mradi mkubwa wa karanga uliofeli lilikuwa na mradi mwingine Queensland hukohuko, huo walianza 1948 kulima mtama, na wa kule nao haukudumu. Lakini Joh hakuwa mtu wa miradi ya London, yeye karanga alizijua kwa mikono.

Alizaliwa New Zealand, mji wa Dannevirke, tarehe 13 Januari 1911. Wazazi ni watu wa asili ya Denmark na baba yake mchungaji wa Kilutheri, ndo mana jina lenyewe linakwama mdomoni, hiyo Bjelke wenyewe wanaitamka kama "Bielki". Akiwa na miaka miwili familia ikahamia Queensland, wakaanza shamba karibu na Kingaroy, wakaliita Bethany. Akiwa mtoto wa miaka kama tisa hivi polio ikampiga, akawa anachechemea mpaka anakufa. Shule aliacha na miaka 14.

Sasa hapa ndo pa kumuelewa. Huyu bwana alipoanza shamba lake aliishi peke yake kwenye banda la zamani la kukamulia ng'ombe miaka 15, hanywi pombe, hana mke, kazi ni kulima na kuvuna karanga, zake na za watu kwa mkataba. Alafu akagundua biashara ya kufyeka mapori. Unachukua makatapila mawili, unayafunga mnyororo mzito katikati, yanatembea sambamba, mti wowote uliopo katikati unalala chini. Eka ambazo watu wangekata kwa mashoka miezi, yeye anamaliza kwa muda mfupi. Akajifunza na kurusha ndege akawa anapiga dawa na kumwaga mbegu kutokea juu. Kwa hiyo ukisikia mtu anamwita mshamba usikubali haraka, alikuwa mkulima mwenye ndege.

1946 akawa diwani Kingaroy, 1947 akaingia bunge la jimbo kwa chama cha wakulima, Country Party, baadaye kikajiita National. Miaka kumi akakaa benchi la upinzani, mpaka Labor, chama cha wafanyakazi, walipogawanyika wenyewe kwa wenyewe 1957 wakapoteza serikali. Uwaziri kaupata 1963. Na 1952 katikati hapo alioa karani wa ofisi anaitwa Florence, Flo kwa kifupi, huyo tutamrudia mwishoni.

Upremia, ambao ndo uwaziri mkuu wa jimbo, ulimkuta kwa msiba. Premia Jack Pizzey alifariki ghafla kwa moyo tarehe 31 Julai 1968, wale washirika wao wa chama cha Liberal wakamuweka mtu wao akakaa siku nane, Joh akatishia kuvunja muungano, na tarehe 8 Agosti kiti kikawa chake. Wengi walidhani ni wa kupita tu.

SWALI: Niaje, niko Mombasa. Hebu nieleze polepole, huyo mzee alikuwa dikteta ama alichaguliwa? Na kama alichaguliwa na kura kidogo, hao si ndio hukuja hapa kutufunza demokrasia?

JIBU: Poa ndugu yangu. Alichaguliwa, tena mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumshika anaiba sanduku la kura hata moja. Uzuri wake (au ubaya, utachagua mwenyewe) ni kwamba hakuhitaji kuiba.

Angalia uchaguzi wa 1972. Labor walipata karibu asilimia 47 ya kura, wakapewa viti 33. Liberal asilimia 22, viti 21. Country Party ya Joh asilimia 20 tu, na viti 26! Yaani chama cha tatu kwa kura ndo kikatoa premia, na Liberal waliomzidi kura wakawa wadogo zake serikalini. Inawezekanaje? Jimbo liligawanywa kwenye kanda, na eneo la ubunge la kule bara kwenye ng'ombe na karanga linakuwa na wapiga kura wachache sana kuliko eneo la Brisbane, mji mkuu wa jimbo. Kila eneo mbunge mmoja. Kwa hiyo mkulima mmoja wa mbali kule kura yake inabeba uzito wa watu wawili wa mjini, wakati mwingine zaidi, alafu mipaka ikichorwa kwa akili, kura za Labor zinarundikwa sehemu moja wanashinda kwa kishindo huku kwingine kote wanaambulia patupu.

Wanaosimulia hii stori huwa wanaficha kitu kimoja ila mi nakwambia. Mfumo wa kanda hawakuuleta wakina Joh. Waliuleta Labor 1949 wakiwa madarakani, kwa faida yao wakati ule. Na bunge la Queensland lina nyumba moja tu, hakuna seneti ya kupunguza kasi, maana ile nyumba ya juu ilifutwa 1922, na nani? Labor haohao. Mchimba kisima, si unajua. Joh alikuta gari liko mlangoni na funguo ndani, akakaa, akarekebisha vioo akaondoka.

Udikteta sasa tuutafute mtaani. 1971 timu ya raga ya makaburu wa Afrika Kusini ilikuja Australia, watu wakawa wanaandamana kila mji. Joh akatangaza hali ya hatari jimbo zima kwa ajili ya mechi za raga, hebu fikiria, kwa ajili ya mpira! Usiku mmoja pale Brisbane polisi waliwashukia waandamanaji waliokuwa nje ya moteli ya Tower Mill walikofikia wachezaji, watu wakakimbizwa mteremkoni gizani. Kati ya waliopigwa na kukamatwa kuna kijana mwanafunzi anaitwa Peter Beattie. Lishike hilo jina.

1977 akaenda mbali zaidi akasema enzi za maandamano ya kisiasa barabarani zimeisha, hata msihangaike kuomba kibali maana hamtopewa. Watu walikuja hivohivo, mamia wakabebwa. Waandishi wa habari nao aliwazoea, mkutano nao alikuwa anauita kulisha kuku, anawarushia punje mbili tatu wanaparura wanaondoka. Swali likiwa gumu jibu lake lilikuwa moja, we usijali kuhusu hilo. Wazee wa Queensland mpaka leo wanaliigiza.

Lakini usiondoke ukidhani watu wote walimchukia. 1977 alifuta kodi ya mirathi, ile serikali inayochukua kipande mzee akifa, Queensland ikawa ya kwanza Australia nzima, wastaafu wa majimbo mengine wakaanza kuhamia Gold Coast, mji wa pwani wa Queensland, na pesa zao, na majimbo mengine yakalazimika kufuata. Makaa ya mawe yakafunguliwa, reli na bandari za kuyasafirisha zikajengwa, winchi zimejaa angani. 1974 alimpiga Labor mpaka wakabaki wabunge 11 bungeni, watu wakawaita timu ya kriketi. Hiyo sio mipaka peke yake, kulikuwa na kura za kweli pale.

SWALI: Mimi nasoma sheria Morogoro. Mwalimu alisema serikali ya Whitlam, waziri mkuu wa Australia wa chama cha Labor, iliyofukuzwa 1975 ilifukuzwa na Gavana Mkuu. Kuna mahali nikasikia premia wa Queensland alihusika. Alihusikaje wakati yeye ni wa jimbo tu?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, aliyefukuza ni Gavana Mkuu John Kerr, mwakilishi wa Malkia, tarehe 11 Novemba 1975. Ila moto ulihitaji kuni, na gogo moja lilitoka Queensland.

Seneta wa Labor kutoka Queensland alifariki katikati ya 1975. Desturi ilikuwa kwamba bunge la jimbo linateua mwingine wa chama kilekile, chama kinaleta jina mnalipitisha mnaenda kunywa chai. Desturi lakini, sio sheria. Labor wakaleta jina lao, Joh akalikataa. Akaenda kumuokota fundi wa kung'arisha samani anaitwa Albert Field, mwanachama wa Labor kabisa kwa kadi, tatizo lake moja tu hampendi Whitlam. Field akaapishwa, uteuzi wake ukapingwa mahakamani akawekwa likizo, hapigi kura huku wala kule, na hicho ndicho kilichotakiwa: Labor wamepungukiwa kura moja Seneti, upinzani ukapata nafasi ya kuizuia bajeti, serikali ikakwama, Kerr akaingia.

Na kwa faida ya mtihani wako, 1977 walipiga kura ya maoni wakabadilisha katiba, siku hizi nafasi ya seneta aliyefariki au kujiuzulu inajazwa na mtu wa chama chake kwa lazima. Ile desturi ikageuka sheria kwa sababu ya mtu mmoja asiyeona aibu kuivunja.

Kichekesho ni kwamba miaka mingi baadaye mbele ya tume ya uchunguzi wakili alimuuliza mzee anaelewa nini kuhusu mgawanyo wa madaraka, yaani bunge, serikali na mahakama kila mmoja na lwake. Premia wa miaka 19 huyo. Alizungukazunguka weee, akashindwa kuueleza. Wewe usije ukashindwa, utafeli.

SWALI: Marehemu baba alikuwa anatusimulia mbio za marathoni za Brisbane, Ikangaa na yule mzungu, mpaka tukazijua kwa moyo. Huyo Joh alikuwepo wakati ule? Msomaji wa Singida.

JIBU: Alikuwepo, ndo alikuwa mwenyeji wao! Michezo ya Jumuiya ya Madola, Oktoba 1982. Baba yako alisimulia sawasawa: Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga walitoka mbele mapema wakawaacha wenzao, Rob de Castella akaanza kuwala taratibu kilomita za mwisho, akabaki na Ikangaa, wakapokezana kuongoza, huyu akipita yule anarudi, mwisho de Castella saa 2:09:18 na Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12. Shahanga lakini hakurudi nyumbani mikono mitupu, dhahabu ya mita 10,000 ilikuwa yake.

Ambacho wakimbiaji wetu pengine hawakukiona ni cha upande wa pili wa mji. Wenyeji wa asili wa Australia, Waaborijini, walikusanyika bustani ya Musgrave hapo Brisbane kudai ardhi wakati kamera za dunia ziko mjini, na Joh alishapitisha sheria maalumu ya kipindi cha michezo inayowapa polisi nguvu ya kuwabeba. Wengi walibebwa. Na mwaka huohuo 1982 mwezi Mei alikuwa ameshindwa kesi kubwa na mwenyeji mmoja, John Koowarta, ambaye watu wake walitaka kununua haki ya kukodi ranchi kwenye ardhi yao ya asili kule Cape York kaskazini, serikali ya jimbo ikazuia kwa hoja kwamba haitaki Waaborijini washike maeneo makubwa. Mahakama Kuu ya Australia ikampa Koowarta ushindi, majaji 4 kwa 3. Akapata ardhi? Wapi. Ile ardhi Joh alishaigeuza hifadhi ya taifa. Mtu aliyetajirika kwa kulaza misitu na mnyororo, siku hiyo akawa mpenzi wa miti. Mi hapa ndo huwa naishiwa subira naye kabisa, mengine yote naweza kucheka.

SWALI: Mzee alianguka vipi? Maana watu wa namna hiyo huwa wanafia kwenye kiti. Msomaji, Bukoba.

JIBU: Alianguka mwaka mmoja, 1987, na mguu mmoja alijikata mwenyewe.

Baada ya kushinda tena 1986, safari hii National peke yao bila Liberal, akalewa ushindi, akaamua jimbo limekuwa dogo anautaka uwaziri mkuu wa nchi. Kampeni ikaitwa Joh for Canberra, yaani Joh aende Canberra, makao makuu ya nchi. Kilichotokea ni kwamba aliupasua muungano wa upinzani wa kitaifa vipande vipande, na Waziri Mkuu Bob Hawke wa Labor alipoona hivyo akaitisha uchaguzi haraka, siku anaitangaza Joh yuko Marekani, tena Disneyland! Hawke akashinda kiulaini.

Wakati anahangaika na Canberra, nyumbani panaungua. Tarehe 11 Mei 1987 televisheni ya taifa ABC ikarusha kipindi kuhusu madanguro na makasino ya Brisbane, yale ambayo serikali miaka yote inasema hayapo, na polisi wanavyokula mlungula kuyalinda. Gazeti la Courier-Mail lilishaanza kuchimba kabla. Joh hayupo ofisini, anayekaimu ni naibu wake Bill Gunn, na Gunn kesho yake tu akasema kutakuwa na tume. Walidhani itakuwa ya wiki chache kama tume nyingine za kupoza watu. Wakampa wakili Tony Fitzgerald, na Fitzgerald akakaa karibu miaka miwili, mashahidi 339. Akatokea polisi mstaafu aliyekuwa mbeba bahasha, akaeleza mgao wote ulivyokuwa unatembea kila mwezi, na kwamba wenyewe wakubwa waliupa jina la utani, waliuita "Utani". Kamishna wa polisi Terry Lewis, ambaye Joh ndiye aliyemnyanyua kutoka chini mpaka akapewa na cheo cha heshima cha "Sir", alifungwa miaka 14. Mawaziri wanne nao wakaenda jela.

Novemba 1987 wabunge wake wameshachoka. Joh akakimbilia kwa Gavana wa jimbo anataka kuwafukuza mawaziri asiowaamini, wenzake wakakaa tarehe 26 wakachagua kiongozi mwingine, Mike Ahern, na mzee akagoma kutoka. Siku kadhaa Queensland ikawa na premia asiye na chama na kiongozi wa chama asiye na upremia. Tarehe 1 Desemba akaachia, na siasa zote akaachana nazo siku hiyohiyo. Labor walirudi Desemba 1989, na zile kanda uchaguzi wa 1992 ulizikuta zimeshafutwa.

Yeye mwenyewe alishtakiwa 1991 kusema uongo chini ya kiapo, kuhusu dola 100,000 taslimu kutoka kwa mwekezaji wa Singapore. Kule kesi inaamuliwa na jopo la raia 12, na hao wakashindwa kukubaliana, alafu baadaye ikaja kujulikana kwamba kiongozi wa jopo alikuwa mwanachama wa vijana wa National. Kesi haikurudiwa, wakasema mzee ana miaka 80 ameshachoka. Hakuchoka sana lakini, maana 2003 aliibuka akiidai serikali fidia ya dola milioni 338 kwa usumbufu wa ile tume. Hakupewa hata senti.

Alifariki Kingaroy tarehe 23 Aprili 2005, miaka 94. Premia wa wakati huo, wa Labor, akampa mazishi ya kiserikali, na jina lake ni Peter Beattie, ndo yuleyule kijana wa Tower Mill. Watu wa chama chake walinuna. Siku ya mazishi Kingaroy walijaa kumlilia, Brisbane kama watu mia mbili wakaandamana kuwakumbuka walioumizwa naye, na safari hii hakuna aliyewabeba. Mzee kazikwa shambani kwake Bethany.

SWALI: Dada yangu anafanya kazi Gold Coast, anasema bibi mmoja kamfundisha "skonzi za Lady Flo", za boga. Ni huyo mke wake? Na zinapikwaje? Mama wa Tanga.

JIBU: Ni huyohuyo mama. Flo mwenyewe alikuwa seneta kuanzia 1981 mpaka 1993, sio mke wa kukaa nyuma tu, ila Waaustralia wengi ukiwauliza watakutajia skonzi kwanza. Alifariki Desemba 2017 ana miaka 97.

Usitegemee skonzi za dukani hizi zetu laini za chai ya asubuhi, hazina hamira, zinashikana kidogo na zina rangi ya machungwa ndani. Unasaga siagi kijiko kikubwa kimoja na sukari nusu kikombe na chumvi kidogo, unaweka yai moja, unaweka boga lililochemshwa na kupondwa kikombe kimoja, alafu unga wa ngano vikombe viwili, ule ambao umeshachanganywa na baking pauda, kama huna tumia wa kawaida uweke baking pauda vijiko vinne vya chai. Kata duara, weka rafu ya juu kwenye oveni yenye moto mkali, dakika 15 mpaka 20.

Mi nimejaribu mara mbili. Ya kwanza nilitumia boga likiwa bado la moto na limejaa maji, nikapata uji wa kuchovya, mke wangu akanifukuza jikoni. Boga lichemshe jana yake, lichuje maji, lipoe kabisa. Na usikandekande kama chapati.